Chasisi Hujipinda, Rejeta Isijue

Rejeta ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu ilidumu siku kumi na moja. Ilikuwa ya Land Rover kuukuu, ile ndefu ya 109, niliyoing'oa injini yake na kuipa ya dizeli ya Kijapani. Nilichomelea vipande vinne vya chuma kwenye chasisi, nikaibana rejeta kwa bolti nne, chuma kwa chuma, nikakaza mpaka spana ikalia. Ukiisukuma haikutikisika hata chembe, nami nilitembea gereji nzima nikijisifu. Siku ya kumi na moja, kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati la paa, maji yakaanza kudondoka chini upande wa kushoto. Mzee mmoja, fundi wa rejeta, aliilaza juu ya benchi, akapitisha ukucha pale mguu wa chini ulipolehemiwa na tangi. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kingo zake zina ukoga wa kijani na chumvi nyeupe.

"Uliikaza sana, mwanangu?"

"Sana, mzee. Haikuwa ikicheza kabisa."

"Ndiyo maana imepasuka. Gari lilikuwa linacheza."

Jibu hilo hunirudia kila nimwonapo mtu anajijengea hotirodi nyumbani. Kukata chasisi humtia hofu, kwa hiyo huuliza, husoma, hupima mara tatu. Ikifika zamu ya rejeta anaifanya kama mtu anayetundika picha ukutani: mahali papatikane, bolti zipite, yaishe. Hapa nitazishika kazi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kwangu mimi ni kazi moja. Lolote unaloifanyia chasisi, rejeta ndiyo ya kwanza kulipa.

Gari lenyewe

Hotirodi ni gari la zamani lililovuliwa mapambo na uzito, kisha likapewa injini ambayo kiwanda hakikuiota. Mchezo huu ulianzia kusini mwa California. Katika miaka ya 1930 vijana walinunua Ford zilizochoka kwa bei ya kutupa, wakang'oa madigadi na vioo, wakaenda kupimana kasi kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha SCTA, ambacho kipo hadi leo. Jarida la Hot Rod lilitoka mara ya kwanza Januari 1948. Tajiri hakuwa na nafasi kubwa katika hadithi hiyo. Alikuwemo kijana mwenye msumeno, mashine ya kuchomelea ya kuazima, na jalala la vipuri lisilo mbali. Mtu aliyepita Gerezani ya Dar es Salaam au mtaa wa Grogan wa Nairobi anamfahamu kijana huyo hata kama hajawahi kufika Marekani.

Gari lililokatwa na kuunganishwa kuliko mengi katika mchezo huu ni Ford Model A, ya 1928 hadi 1931. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 103.5, yaani kama sentimita 263. Injini yake ya silinda nne, lita 3.3, ilitoa nguvu za farasi 40. Mwaka 1932 Ford ikaleta V8 ya lita 3.6 yenye farasi 65, na mwaka 1955 Chevrolet ikatoa V8 yake ya lita 4.3, ya kuanzia farasi 162, ambayo wajenzi waliipokea kama mvua ya kwanza. Hesabu unaiona. Chasisi iliyozoea kubebeshwa debe sasa inatwishwa pipa.

Kabla hujaikata, fahamu Ford walikusudia nini. Chasisi ya Model A ni ngazi: reli mbili ndefu, na boriti za kukingama zinazoziunganisha. Reli si boksi. Ni chaneli, chuma kilichokunjwa kikawa na mgongo mmoja na midomo miwili, ubavu mmoja wazi. Kila ekseli ina springi moja iliyolazwa kukingama gari, si mbili pembeni. Barabara za Marekani wakati ule zilikuwa matope na makorongo, na gari lililoruhusiwa kujipinda lilifika, lililokataa lilivunjika. Kwa mantiki hiyo hiyo, rejeta ya Model A ilikaa juu ya boriti ya mbele kwa bolti mbili tu, kila moja ikiwa na springi ndogo chini ya nati, na nati yenyewe ikafungwa kwa pini ya kupindwa isifunguke. Juu ilishikwa na fito mbili nyembamba zilizokwenda hadi ukuta wa injini. Boriti ikipinda, springi zinameza.

Springi hizo ndogo, ukubwa wa kidole gumba, ndizo kitu cha kwanza mjenzi wa nyumbani anachokitupa. Anaziona kutu.

Weka rejeta kabla ya injini

Wengi huanza na injini. Wanaining'iniza kwa winchi, wanairudisha nyuma mpaka iguse ukuta, wanachomelea vishikio, kisha wanatazama nafasi iliyobaki mbele. Iliyobaki haitoshi. Hapo ndipo rejeta inaposukumwa mbele ya boriti, feni inapokatwa ncha, au ukuta wa injini unapopigwa nyundo kama sufuria.

Mpangilio ninaoupendekeza ni mwingine. Kwanza magurudumu na matairi yale yale utakayotumia, gari likae kwa kimo chake cha mwisho. Kama pua itakuwa chini kuliko nyuma, kama hotirodi nyingi zilivyo, ichuchumaze tangu sasa kwa vipande vya mbao. Hili linasahaulika sana. Ukilaza chasisi sambamba na sakafu ukachomelea kiti cha rejeta kikiwa wima kabisa, siku gari litakapoinamisha pua nyuzi 2 au 3, rejeta nayo itaegemea mbele, na mstari wa boneti utaonekana kama mtu aliyevaa kofia upande. Ekseli ya mbele nayo ina mlalo wake wa kuegemea nyuma, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 7 kwenye ekseli nzima ya aina hii, na huo unapimwa gari likiwa katika kimo cha mwisho. Ukikosea, usukani utatangatanga barabarani.

Kisha angika rejeta pamoja na fremu yake ya nje, ile ya kung'aa inayolipa gari sura. Weka boneti. Rudi nyuma hatua kumi utazame. Ukiridhika, ndipo injini ije, nayo ijipange kati ya rejeta na ukuta. Kama huna injini mkononi, jenga mfano wake kwa katoni na mbao: urefu kutoka pua ya pampu ya maji hadi nyuma kabisa, na kumbuka V8 ile ya Chevrolet ina distribyuta nyuma, karibu na ukuta, inayohitaji nafasi ya mkono wako. Kati ya feni na rejeta acha sentimita 2.5. Injini imekalia raba. Ukipiga breki kali inasogea mbele, na feni ya chuma chembamba ikizunguka kasi hujikunja kuelekea rejeta. Sentimita moja inaonekana tele gari likiwa limesimama.

Sasa chora sakafuni. Shusha timazi kutoka kwenye pointi zile zile za kila reli, mbele, kati na nyuma, uweke alama ya chaki. Vuta uzi wa mstari wa kati. Pima pembe kwa pembe, kulia-mbele hadi kushoto-nyuma, na kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3, chasisi ilikwisha kupinda kabla yako, pengine kwa ajali ya zamani, na huna haki ya kuchomelea chochote mpaka uinyooshe. Alama hizo usizifute. Utazirudia kila jioni.

Kuziba chaneli

Marekebisho makubwa ya kwanza ni kuiziba ile chaneli kwa bamba iwe boksi. Faida yake si ndogo. Chukua reli yenye kimo cha milimita 100, midomo ya milimita 50 na unene wa milimita 4. Ikiwa wazi ubavu, inajisokota kirahisi kama karatasi iliyokunjwa. Ukiiziba kwa bamba la unene ule ule, ukaidi wake dhidi ya kusokotwa unapanda zaidi ya mara 200. Chasisi nzima haipati ongezeko kubwa hivyo, kwa kuwa viungo vya boriti bado vina ulegevu wao, lakini utalihisi siku utakaponyanyua kona moja kwa jeki na kuona kona ya jirani ikifuata.

Katoni ndiyo rafiki yako hapa. Reli za Model A hazina kimo kimoja. Zinapungua kuelekea mbele na nyuma. Kata kiolezo cha katoni kwanza, kijaribu, kisha hamishia kwenye bamba la milimita 4 au 5. Bamba likae ndani kidogo ya ukingo wa midomo, kama milimita 2, ili mshono upate mahali pa kulala, na ukiusaga kwa grenda usiumalize wote. Ukiupanga sawa na ukingo kabisa, utasaga mshono uking'ae vizuri, na utakuwa umesaga nguvu yenyewe.

Kabla ya kuziba, jiulize kila kitu kitakachoshikwa na reli hiyo: bomba la breki, vishikio vya injini, miguu ya bodi, kiti cha rejeta. Nati zinazotakiwa kuwa ndani zichomelewe ndani sasa. Niliwahi kumwona mtu aliyeziba reli zote mbili, akapaka rangi, akakaa kitako kwenye kigoda, ndipo akakumbuka. Alitoboa upya madirisha manane.

Kuchomelea kwenyewe kunataka subira kuliko ustadi. Piga nukta kila sentimita 10 kwa urefu wote. Halafu chomelea vipande vya sentimita 2 au 3 ukirukaruka: kimoja mbele, kimoja nyuma, kimoja katikati, hamia reli ya pili, rudi. Chuma kilichopata joto hutanuka, kikipoa hunywea kuliko kilivyokuwa, na mshono mrefu uliovutwa kwa mkupuo mmoja unaipinda reli kama upinde. Ukishindwa kuishika reli kwa mkono kwa sababu ya moto, acha, kanywe chai. Ukirudi, shusha timazi kwenye zile alama za chaki.

Acha tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya kila boksi, maji yatoke. Boksi lisilo na tundu huoza kutoka ndani, na wewe nje unapiga vanishi.

Mahali pa kuunganisha reli iliyokatwa, iwe umeiinua kwa mkato wa herufi Z ili gari likae chini au umeirefusha, usikate wima moja kwa moja. Kata mshazari, au kwa ngazi, ili mshono usipite midomo yote miwili kwenye mstari mmoja. Chonga kingo zote mbili ziwe na mlalo, acha mwanya mdogo, chomelea hadi ndani. Kisha ongeza kiraka upande wa mgongo chenye umbo la almasi, ncha zake zielekee mbele na nyuma. Kiraka cha mraba kina mshono wa wima mwanzo na mwisho, na pale mshono wa wima unapoishia ndipo reli inapokatika miaka miwili baadaye. Mafundi wanaorefusha chasisi za malori wanalijua hili vizuri. Mabasi yetu mengi yanatembea juu ya almasi hizo.

Tundu za bolti zipite kwenye mgongo wa reli, karibu na katikati ya kimo chake, ambako chuma hakivutwi wala hakisukumwi sana. Mdomo wa juu na wa chini ndio unaobeba mzigo. Kuutoboa ni kuuweka ufa mahali ukauambia ungoje.

Boriti ya mbele yenyewe ikague kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe. Mara nyingi kuna nyufa pale springi inapokalia, na ribiti zilizolegea zinajitangaza kwa vumbi jekundu la kutu kuzizunguka. Ribiti iliyolegea usiichomelee juu. Itoboe, safisha tundu, tia bolti ngumu inayojaa tundu barabara.

Moto, na yale yanayoua

Model A ina hila moja: tangi la petroli liko mbele ya kioo, juu ya magoti ya dereva, nyuma tu ya ukuta wa injini. Petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye kabureta bila pampu. Ukichomelea vishikio vya injini, cheche zinaruka hadi hapo. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Litoe, lipeleke nje ya jengo. Wajenzi wengi hawalirudishi kamwe. Wanaweka jingine nyuma, nami naungana nao.

Usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachomelea. Mabaki yake yakipata joto na mwanga wa arki hutoa fosijini, gesi iliyotumika vitani mwaka 1915. Haihitaji kuwa nyingi. Chuma chenye zinki nacho, saga zinki yote kwanza na fungua milango.

Ng'oa waya wa betri. Klampu ya ardhi ya mashine iwe karibu na unapochomelea, umeme usitafute njia ya kurudi kupitia beringi za gurudumu.

Kiti cha rejeta

Sasa unayo chasisi ngumu, na hapo ndipo wengine husema, basi, haijipindi tena, rejeta inaweza kufungwa chuma kwa chuma. Bado inajipinda. Imepunguza tu. Injini ya farasi 162 ikivuta, reli moja inasukumwa chini na nyingine inanyanyuka. Gurudumu moja likiingia shimoni, boriti ya mbele inasokotwa. Rejeta ni matangi mawili ya shaba nyembamba yaliyounganishwa na mamia ya mirija isiyozidi unene wa ukucha. Ukiifunga pembe zote nne, umeifanya boriti ya kukingama. Itajaribu kuibeba kazi hiyo, na itashindwa pale palipolehemiwa.

Umbo ninalolipenda ni la pointi tatu, yaani mbili chini na moja juu. Chini, tengeneza susu: kipande cha chaneli kilicholazwa kikitazama juu, urefu sawa na tangi la chini, ndani yake utandike raba. Tangi likae humo kama mtoto kwenye mbeleko, uzito umeenea, hakuna bolti inayopita kwenye tangi lenyewe. Susu hiyo inakaa juu ya boriti ya mbele kwa bolti mbili, na kila bolti ina raba juu na raba chini, na kati yake bushi ya chuma fupi kidogo kuliko raba hizo zikiwa hazijabanwa. Bushi ndiyo siri. Unakaza mpaka washa iguse bushi na raba ivimbe kidogo pembeni, basi. Huwezi kukaza zaidi hata ukitaka. Nati iwe ya kujifunga, au mbili zilizobanana, au ile ya pini kama Ford walivyofanya.

Raba isitoke kwenye tairi la katambuga. Nimejaribu. Ina waya ndani, na waya huo ukichomoza unasaga shaba kama tupa. Raba ya mpira wa ndani wa tairi, kwa upande wake, ni laini mno. Ndani ya mwezi imelala. Raba za vishikio vya injini za gari dogo, au zile za miguu ya bodi ya pikapu, zinauzwa kila duka la vipuri na zimetengenezwa kwa kazi hii hasa.

Juu, fito. Moja au mbili, kutoka kichwa cha rejeta hadi ukuta wa injini, zenye uzi wa kurekebisha urefu na raba kila mwisho. Kazi yake ni kuzuia rejeta isitikise kichwa mbele na nyuma. Zisivute. Kosa la kawaida ni kuzitumia fito kulazimisha fremu ya rejeta ilingane na boneti. Kama mwanya wa boneti hauko sawa, tatizo liko chini, ongeza au punguza kipande chembamba chini ya raba ya susu, kulia au kushoto.

Ukimaliza, fanya jaribio hili kabla ya rangi. Chukua kiberiti, kile cha njiti, ukipitishe kati ya rejeta na kila kitu kilicho karibu nayo: fremu, boneti, feni, reli. Kipite kwa upana wake wa bapa bila kukwaruza. Sasa weka jeki chini ya chasisi kona ya mbele kushoto, pandisha taratibu mpaka gurudumu lianze kuondoka sakafuni. Usitazame gurudumu. Tazama rejeta. Pitisha kiberiti tena mahali pote. Kikigoma popote, hapo ndipo mlio wa kukwaruzana utakapotoka barabarani, na baada ya mlio, maji. Halafu sukuma kichwa cha rejeta kwa kiganja: kiende kidogo, kirudi chenyewe. Rudia kulia. Mzee wangu wa rejeta alikuwa akifanya hivyo kwa macho tu, ila yeye alikuwa na miaka arobaini ya kazi.

Rejeta ya alumini, ambayo wengi huichagua kwa wepesi wake, ina sharti la ziada. Umeme usipite ndani yake. Ardhi ya feni ya umeme iende kwenye chasisi au betri, isifungwe kwenye mguu wa rejeta. Ukiwa na mita ya umeme, weka waya mweusi kwenye hasi ya betri, chovya mwekundu kwenye maji ya rejeta injini ikiwa inanguruma na feni na taa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, tafuta ardhi mbovu. Alumini inaliwa polepole na hutaona mpaka itoboke.

Hewa, maji na kifuniko

Hotirodi huchemsha. Sifa hiyo imezoeleka hadi watu wanadhani ni tabia ya kuzaliwa nayo. Takriban theluthi ya nishati ya petroli inaishia kwenye maji ya injini, na rejeta iliyotosha farasi 40 haitatosha injini kubwa kwa kuombewa dua. Weka yenye kiini kinene zaidi ndani ya fremu ile ile. Lakini ukubwa si jibu la kila kitu. Likichemka kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, shuku feni: iko mbali, ndogo, au haina kava la kuizunguka, kwa hiyo inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye kiini. Kava likiwepo, mapanga ya feni yakae nusu ndani na nusu nje yake. Likichemka barabara kuu kwa kasi, feni haihusiki. Shuku kiini kilichoziba, pampu, au bomba la chini linalonywea kwa kuvutwa. Bomba hilo liwe na springi ndani.

Ukiishusha rejeta ili gari lionekane chini, angalia mdomo wa kujazia. Ukiwa chini kuliko sehemu ya juu ya injini, hewa itanaswa kwenye vichwa vya silinda, na mita ya joto itakudanganya kwa sababu kipimo chake kimezungukwa na mvuke, si maji. Weka tangi dogo la kujazia lililo juu kuliko vyote, hata kama litaharibu sura.

Kuhusu kifuniko: kila pauni moja ya mgandamizo inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1.6 hivi za Selsiasi. Mfumo wa Model A ulikuwa wazi, hauna mgandamizo. Ukifunika rejeta kuukuu ya kulehemiwa kwa kifuniko cha pauni 15 cha gari la kisasa, utaisikia ikifunguka. Pauni 7 inaitosha. Kwa anayeendesha nyanda za juu hili lina uzito wake: Nairobi maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na thamostati ya kawaida inafunguka kwenye 82 au 88. Nafasi iliyobaki ni finyu. Tia kulanti nusu na maji safi yasiyo na chumvi nusu. Maji ya kisima yanajenga chokaa kwenye mirija kama yanavyojenga kwenye birika.

Namba

Kabla ya grenda kugusa reli, tafuta namba ya chasisi uipige picha. Kwenye Model A iko juu ya reli ya kushoto, karibu na ukuta wa injini, mara nyingi imefunikwa na bodi. Usiisage, usiizibe kwa bamba, usiichomelee karibu. Gari lisilo na namba linafanana na gari la wizi, na maelezo yako hayatasikilizwa. Wanaofanya kazi kama hii Afrika Mashariki wakumbuke kwamba namba ya injini nayo imeandikwa kwenye hati ya gari; ukibadili injini, taarifa ziende kwa mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na risiti ya injini uihifadhi.

Safari ya kwanza

Iwe fupi, karibu na nyumbani, na boneti usiifunge kwa pini zote. Chora mstari wa rangi kwenye kila nati ya susu, kutoka nati hadi washa; mstari ukivunjika, nati imegeuka. Baada ya kilomita 50 acha lipoe, kaza zilizolegea. Baada ya 500, ingia chini na chupa ya mafuta ya taa. Paka mishono yote mipya, hasa karibu na almasi na kwenye ncha za boriti ya mbele. Subiri robo saa. Pangusa pakauke kabisa, kisha sugua chaki nyeupe juu yake, ile ile uliyochorea sakafu. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda polepole, na utauona ukijichora wenyewe, mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele.

Ukiuona, gari lipande mawe palepale.